Grainfather G30: Sufuria Bora, Lakini Ufanisi Unaanzia kwenye Kuparaza Kimea

Grainfather G30 ni sufuria ya umeme ya chuma cha pua, iliyobuniwa New Zealand, yenye ujazo wa lita 30, na imekusudiwa mtu anayetaka kutengeneza bia nyumbani kwa kimea cha shayiri tangu mwanzo, bila kununua sharubati nzito ya kimea iliyotayarishwa kiwandani. Ndani yake mna kikapu chenye sahani za matundu chini na juu, pampu inayovuta maji ya kimea kutoka chini na kuyamwaga tena juu, na kidhibiti joto kinachoweza kupangiwa hatua kadhaa mapema. Nimeitumia hapa London kiasi cha kuijua vizuri, nami naipenda. Hata hivyo, husifiwa mno kwa jambo ambalo si kazi yake, yaani kwamba pampu na kidhibiti chake ndivyo vinavyoleta ufanisi mkubwa.

Ufanisi hapa ni sehemu ya sukari iliyopatikana kati ya ile yote iliyowezekana kupatikana. Kilo moja ya kimea cheupe kizuri inaweza kutoa takriban pointi 300 katika lita moja kwenye haidromita, kipimo cha uzito wa maji yenye sukari (kikisoma 1.042 ni pointi 42), hivyo kilo 5 zina pointi 1,500. Maelekezo ya G30 yanataka kilo hizo zilowekwe katika lita 17 za maji, kisha machicha yasuuzwe kwa lita 15. Machicha hubakiza lita 4 hivi, na zinazobaki kuchemshwa ni lita 28. Ikiwa haidromita inasoma 1.042 maji hayo yakiwa yamepozwa, tuna pointi 42 mara lita 28, yaani 1,176, ambazo ni asilimia 78. Hicho ndicho kiwango ninachokipata kwa kawaida, na kwangu mimi sifa yake kubwa ni kwamba hakiyumbi, kwa sababu anayejua ufanisi wake hautabadilika anaweza kupanga nguvu ya bia yake kabla hajawasha umeme.

Kidhibiti joto kina mchango wake. Kimea kina vimeng'enya, yaani protini zinazogeuza wanga kuwa sukari. Kimoja hufanya kazi vizuri zaidi kati ya nyuzi 60 na 65 na huacha bia kavu, isiyo na utamu mwingi, na kingine hupendelea nyuzi 68 hadi 72 na huacha bia yenye mwili mzito zaidi, kwa hiyo kukaa kwenye nyuzi 66 kwa saa nzima bila kupanda wala kushuka huamua ladha. Lakini wanga wenyewe hubadilika upesi kuliko wengi wanavyodhani. Aliyewahi kuona uji mzito wa togwa ukilegea muda mfupi tu baada ya kutiwa kimea cha ulezi anaijua kasi ya vimeng'enya. Kinachovichelewesha ni wanga uliofungiwa ndani ya punje isiyopasuka, ambao pampu haiwezi kuufikia.

Ndiyo maana nasisitiza kuparaza. Duka moja liliniuzia kimea kilichoparazwa kwa rola zilizoachana mno, kiasi kwamba punje nzima zilionekana kwa macho, na maji ya kuchemsha yakasoma 1.037, sawa na asilimia 69, ingawa sufuria, joto na kiasi cha maji vilikuwa vilevile. Dalili ilionekana mapema. Kilo 5 zilizolowekwa katika lita 17 zinapaswa kutoa maji yanayosoma takriban 1.075 wanga wote ukishageuka sukari, na siku hiyo yalisoma 1.067 baada ya saa nzima. Kipimo hiki kabla ya kusuuza ni muhimu mno, kwani kikiwa chini kosa liko katika kuparaza, uchachu wa maji, joto au muda, na kikiwa sawa huku jumla ikiwa ndogo, sukari imebaki katika machicha. Tangu niliponunua mashine ndogo ya rola mbili na kuziachanisha milimita 1.1, punje hupasuka zote na maganda hubaki makubwa, nayo hutumika kama chujio.

Muundo wa G30 una jambo moja linalodai uangalifu. Katikati ya kikapu kuna bomba la kupokea maji ya ziada, ambalo huzuia kufurika, lakini pampu ikimwaga maji kwa kasi kuliko kimea kinavyoweza kuyapitisha, sehemu ya maji hushukia humo bila kugusa kimea chochote. Vilevile kitambua joto kiko chini ya sufuria, nje ya kikapu, hivyo kinachosomwa si joto la katikati ya kimea. Mimi husimamisha pampu kila baada ya dakika 15, huondoa sahani ya juu, hukoroga hadi chini, kisha huendelea. Mwishoni hupandisha joto hadi nyuzi 76 na kusuuza polepole, kikombe kwa kikombe, kwa maji ya joto hilohilo, kwa kuwa maji yanayomiminwa kwa haraka hutoboa njia zake na kuiacha sukari pembeni. Kazi hii ni ya mkono, na hakuna kidhibiti kinachoifanya.

Maji ya London ni magumu na hupandisha pH ya mchanganyiko (kipimo cha uchachu, ambacho namba yake hupanda uchachu ukipungua) kupita 5.6, hasa kwa bia nyeupe, kwa hiyo tone la asidi ya laktiki ni la lazima ili ibaki kati ya 5.2 na 5.6.

Kipoza maji kinachokuja nayo ni kizuri, na kuisafisha si taabu ikiwa machicha yatatolewa yakiwa bado ya moto. Umeme wake wa wati 2,000 huchelewa kufikisha lita 28 kwenye mchemko. Mwenye uwezo wa kuinunua pamoja na mashine ya kuparaza anunue vyote viwili bila kusita. Mwenye fedha za kimoja tu anunue mashine ya kuparaza kwanza, na aloweke kimea chake ndani ya mfuko wa kitambaa katika sufuria kubwa aliyonayo.