Chizi bila kitambi

Mimi ni fundi friji na viyoyozi hapa Dar es Salaam, na wateja wangu wengi ni supamaketi. Kwa hiyo chizi nimeishi nayo miaka kumi na tatu bila kuila. Nilikuwa naisogeza pembeni nifungue kifuniko cha feni, nairudisha kwenye rafu, nafunga kazi, halafu naenda zangu kula zege, yaani chipsi mayai, kibandani. Zege hizo ndizo zilizonifikisha kilo 93.

Sasa nina 84. Nanyanyua vyuma mara nne kwa wiki kwenye jimu moja ya Tabata, na kocha wangu kuhusu chizi ana kauli moja tu: "Achana nayo kaka, hayo ni mafuta yamevaa koti." Nikamtii miezi mitatu. Wa nne nikashindwa. Mayai ya kuchemsha na mchicha siku ishirini mfululizo humfanya mtu mzima aitazame sahani kama anasomewa deni. Nikanunua mzani mdogo wa jikoni, nikaanza kujaribu chizi aina moja baada ya nyingine, kila moja wiki yake. Mke wangu akasema, "Baba Salma, jina la kitu chenyewe ni chizi, na wewe sasa unakipima kama dhahabu. Tukuite nani?"

Kocha hakudanganya, hilo niliseme mapema. Cheda ya kawaida, ile chizi ngumu ya manjano, kwa gramu 100 ina kalori kama 400: protini gramu 25, mafuta gramu 33. Gramu moja ya mafuta ni kalori 9, kwa hiyo robo tatu ya kalori zote humo zinatoka kwenye mafuta. Kifua cha kuku kisicho na ngozi, uzito uleule, kinakupa protini gramu 31 kwa kalori 165. Anayekwambia ule cheda ili upate protini ni sawa na anayekushauri ununue bajaji kwa sababu ina redio nzuri.

Ila nani anakula gramu 100? Jibu: mimi, wiki ya kwanza, kwa kukata kwa kisu. Kisu ni adui. Unakata kipande unachokiona kidogo, ukikiweka kwenye mzani kinasoma 45, na umeshatafuna kingine ukisubiri namba itulie. Siku hizi natumia kikwaruzio, upande wa matundu madogo kabisa, ule ambao nyumbani kwetu ulikuwa wa tangawizi. Gramu 20 za chizi ngumu zikikwaruzwa hivyo zinakuwa rundo la kujaa kiganja. Unazimwaga juu ya mayai mawili ukishazima jiko, unafunika na sahani kwa dakika moja. Kalori 80 tu, na sahani nzima inanukia.

Kwa kazi hiyo, iliyonifaa kuliko zote ni jibini ngumu ya Njombe. Kule kuna baridi na kuna ng'ombe, na shirika moja la Kiitaliano liliwasaidia wafugaji wakawa na kiwanda chao, ndiyo maana unakuta jibini yenye tabia ya Italia imetoka kwa ng'ombe wa Kitanzania. Nililipa elfu tisa kwa robo kilo. Watu wanalalamikia bei hiyo, nami nilikuwa mmoja wao mpaka nilipopiga hesabu: kilo moja ya chizi ngumu inataka maziwa kama lita kumi. Lita kumi kwa bei ya kibanda cha maziwa mtaani kwetu ni zaidi ya elfu ishirini, hapo hujalipa kuni, chumvi, wala friji. Robo hiyo inanitosha siku kumi na mbili. Mke wangu, ambaye glasi moja ya maziwa fresh humtoa mbio, anaila bila tumbo kuunguruma hata kidogo. Sukari ya maziwa nyingi huondoka na yale maji jibini inapokamuliwa, na inayobaki humalizwa na bakteria jibini inapokaa kukomaa. Kadiri ilivyo ngumu na ya siku nyingi ndivyo inavyompa raha mwenye tumbo la aina hiyo.

Mozarela, ile nyeupe inayovutika ikiyeyuka, nayo si mbaya. Ina mafuta kidogo kuliko cheda, kama gramu 22 kwa mia, na protini karibu sawa. Shida yake ni upole. Haina ladha ya kutosha, kwa hiyo unaongeza, na ukiongeza faida yote imeyeyuka. Naikwaruza yote siku ninayoinunua, nagawa kwenye vimfuko vya gramu 30, natia kwenye friza. Ikishaganda haitakatika vizuri tena kwa kisu, ila kwenye kuyeyuka haijali. Salma na mdogo wake wanatumia vimfuko vyangu kwenye mkate, na najua ni wao kwa sababu huwa wanabakiza gramu tatu kwenye mfuko ili uonekane haujaisha.

Sasa nilizojuta. Mfuko wa chizi iliyokwaruzwa tayari, picha ya piza mbele, bei nusu ya nyingine. Nilifurahi hadi nilipofika nyumbani na kugeuza nyuma: maji, mafuta ya mawese, wanga, kisha vitu vingine, na protini ya kuhesabu kwa vidole. Hiyo si chizi, ni majarini iliyosukwa. Juu ya mayai haikuyeyuka, ilitoa jasho tu. Tangu siku hiyo chizi naisoma kuanzia nyuma. Maziwa yasipokuwa neno la kwanza kwenye orodha, narudisha. Na kuna mtego mwingine palepale: upande mmoja wanaandika kalori za gramu 100, upande mwingine za "kipimo kimoja", na kipimo chao ni gramu 30. Ukisoma haraka unadhani umepata chizi ya miujiza.

Ile yenye mafuta pungufu, ya vipande vyembamba vilivyotenganishwa kwa plastiki, niliitarajia mema. Kwa karatasi ni safi: mafuta yamepungua, protini imebaki. Kwa mdomo ni raba. Nilikula vipande viwili nikihisi sijala chizi, nikaongeza cha tatu, nikajikuta nimekula kalori nyingi kuliko gramu 20 za Njombe, na hamu iko palepale. Labda wewe una nidhamu kuliko mimi.

Vipembe vya kwenye kikasha cha duara vipitie haraka: ni vya mikoba ya shule. Kipembe kimoja hakina hata gramu mbili za protini, yai moja lina sita.

Feta ilinichezea akili. Tamu, inavunjika vizuri juu ya kachumbari, mafuta yake gramu 21 kwa mia. Jioni ya kwanza nilikula gramu 60, asubuhi nikapanda mzani nikakuta nimeongezeka kilo na ushee. Nusura niifute chizi yote maishani. Kocha akacheka: "Hujanenepa, umekunywa bahari." Feta hulala kwenye maji ya chumvi, na chumvi huuzuilia mwili maji. Siku mbili baadaye kilo ile ilikuwa imeondoka yenyewe. Kwa hiyo feta kula, lakini isuuze kwa maji kwanza, na usipande mzani kesho yake kama una moyo mwepesi kama wangu.

Tufike kwenye chizi ambayo hata kocha anaikubali, ile laini ya mabonge meupe yaliyolowa, cottage cheese. Ya mafuta kidogo ina kalori kama 80 tu kwa gramu 100, na protini 11 hadi 12. Hapa ndipo hesabu inapinduka: kwa mara ya kwanza kalori nyingi zinatoka kwenye protini. Na protini yenyewe kwa sehemu kubwa ni kaseini, ambayo ndiyo kama asilimia 80 ya protini ya maziwa. Ikifika tumboni huganda na kusagwa taratibu, ndiyo maana ukila saa mbili usiku huamki saa tisa ukiwaza chipsi. Nilipenda kila kitu isipokuwa bei na safari. Kikopo cha gramu 250 kilikuwa elfu kumi na sita, kimetoka nje ya nchi, kimebakiza siku nne kuisha muda. Mara mbili nilikuta kimeshachacha. Fundi friji kuuziwa kitu kilichoharibika kwa joto ni aibu ambayo sikumsimulia mtu hadi leo.

Suluhisho nilikutana nalo Lushoto. Nilipanda kutengeneza friji ya nyumba ya wageni, na mwenyeji wangu akanielekeza Irente Farm, juu kidogo ya mji, ambako wanauza jibini wanayoitengeneza wenyewe, mkate wa rai (nafaka ya jamii ya ngano) na jamu. Wakanionjesha ile laini ambayo Wajerumani huiita quark. Nikakaa kwenye nyasi na kijiko, nikajiambia: huu ni mtindi. Mtindi uliochujwa maji!

Nikarudi Dar na wazo hilo. Nachemsha lita moja ya maziwa ya kibandani jioni, yakipoa natia kwenye friji, asubuhi naengua malai yote juu. Malai hayo ni ya Mama Salma, huyakusanya wiki nzima akapika samli, mimi siulizi. Maziwa yaliyobaki nayapasha moto kidogo, kiasi cha kidole kuvumilia, nakoroga kijiko cha mtindi wa jana, nafunika hadi kesho yake. Yakishaganda nayamwaga kwenye kitambaa cha kuchujia tui, nafunga fundo, naning'iniza juu ya bakuli ndani ya friji. Usiku ukiamka kunywa maji unasikia: to… to… to. Asubuhi bakuli lina maji ya kijanikijani na kitambaa kina bonge jeupe lililochukua alama za nyuzi zake. Lita moja hunipa kama gramu 320. Lita ya maziwa ina protini gramu 32 au 33, na kaseini ndiyo inayobaki kitambaani, kwa hiyo nahesabu gramu 26 bila kujidanganya. Kwa elfu mbili na mia tano.

Nalitia chumvi kidogo, pilipili manga, punje moja ya kitunguu swaumu na giligilani iliyokatwa. Juu ya kiazi kitamu cha moto, au ndani ya chapati moja ya unga usiokobolewa, sijaona chizi ya dukani ya kulishinda. Yale maji usiyamwage, kandia unga wa chapati. Ni maji ya ukoo huohuo, yale yanayokamuliwa kwenye jibini viwandani, ndiyo hukaushwa yakawa ule unga wa protini wanaotuuzia jimu kwa zaidi ya laki moja kopo.

Nimebakisha neno kuhusu maduka, maana hapo ndipo ninapojua kuliko kocha. Chizi inataka nyuzi 4 hivi. Yale mafriji ya wazi, yasiyo na mlango, yanalindwa na pazia la hewa baridi linaloshuka mbele. Wakipanga bidhaa hadi zikavuka ukingo wa rafu, pazia linachanika na baridi inamwagika sakafuni: ukihisi miguu inapoa ukiwa umesimama pale, chizi ya mbele haipoi. Chukua ya nyuma kabisa. Paketi ikiwa na matone ya mafuta ndani, ilishapata joto ikatoa jasho, huenda umeme ulikatika na jenereta likachelewa. Ikiwa imevimba, hata usiishike. Supamaketi moja, siitaji na si mteja wangu, niliweka kipimajoto changu katikati ya mozarela kikasoma nyuzi 13. Nikamwita kijana wa pale nikamwonyesha. Akaniambia, "Mzee, hiyo friji ndivyo ilivyo." Nikaacha kikapu changu chini nikaondoka.

Alama, kwa anayezitaka: Njombe tisa kwa kumi, mozarela sita, feta sita na nusu, cottage cheese nane ukiipata ikiwa nzima. Ile ya piza sifuri. Ya kitambaani kwangu siipi alama, nitaonekana najipendelea.

Jana simu imelia. Ni meneja wa ile supamaketi ya nyuzi 13, friji ya maziwa na chizi imezima kabisa. Ameuliza kama naweza kwenda Jumatatu asubuhi. Nimemwambia nitakuja, ila nimemtajia bei ambayo mzee anamtajia mtu aliyemwambia ndivyo ilivyo.