Pawa stesheni ilinizimia friji na samaki ndani: tazama kabla hujanunua

Misawa, wadau! Ni mimi yule yule, nipo Kisumu, nipo sebuleni kwa mama huku Mamboleo, na leo nimekasirika. Tuanze na samaki.

Jumamosi iliyopita nilitoka ufuo wa Dunga na ngege wanne, wanene, wa kula na ugali siku mbili. Nikawatia kwenye friji. Saa nne usiku mvua ya ziwa ikaja na radi zake, stima ikaenda. Mimi nikacheka. Hili boksi hapa, ndiyo pawa stesheni yenyewe, betri kubwa ya kubeba yenye soketi, lilikuwa limejaa mia kwa mia, wati-saa 1,000 na ushee, yaani kama wati 1,000 kwa saa moja, na friji imechomekwa nyuma yake. Nikalala usingizi wa mtu mwenye stima yake. Jumapili nikaamkia matangani Ahero, nikarudi jioni, stima bado haijarudi. Nafungua friji, harufu ikanipokea. Naangalia boksi: betri asilimia 91. Yaani samaki wameoza na stima wanayo!

Nembo nimeifunika kwa selotepu, mnaona. Usiniulize jina kule kwenye maoni. Nimelinunua kwa hela zangu, na hii tabia nitakayowaonyesha iko kwenye maboksi ya kampuni kadhaa, si hili peke yake.

Sogea karibu. Nimelichomoa ukutani, friji iko hapa. Angalia kioo: wati 82. Hiyo ni kompresa inafanya kazi, unaisikia inavyonguruma. Sasa friji haingurumi siku nzima. Ikishapoa inapumzika, ikipata joto inaamka tena. Tusubiri ipumzike... haya, imenyamaza. Kioo kinasema wati 0. Naanza kuhesabu kwa simu. Nitakata video hapa msije mkalala.

Turudi. Dakika ya 28, mlango wa friji sijaufungua. Dakika ya 29. Sikilizeni. Sikilizeni... tak! Mmesikia? Boksi limezima upande wa soketi. Nafungua friji, hata taa haiwaki. Limeona hakuna kinachovuta umeme kwa nusu saa, likajiambia huyu mwenye nyumba amemaliza, wacha nimwekee akiba. Friji ilikuwa imepumzika tu! Ikitaka kuamka, haina wa kuiamsha. Usiku kuna baridi, hakuna anayefungua mlango, kwa hivyo inapumzika muda mrefu zaidi. Ndiyo maana mchana nilikuwa nalijaribu na halinisumbui.

Dawa ipo. Unaingia kwenye programu yake ya simu, unatafuta muda wa soketi kujizima, unaweka isijizime kabisa. Mengine unabonyeza kitufe cha soketi na kukishikilia. Kwangu ilikuwa menyu ndani ya menyu ndani ya menyu, na kijitabu cha maelezo kimeandikwa kwa herufi za sisimizi.

Lakini hapo ndipo unapoingia kwenye hesabu ya pili, ambayo muuzaji hakwambii. Kugeuza umeme wa betri kuwa wa 240 kama wa ukutani ni kazi, na kazi hiyo inakula hata kama hujachomeka kitu. Nililiacha saa tatu usiku likiwa 100, soketi zimewashwa, hakuna waya hata mmoja. Saa kumi na mbili asubuhi lilikuwa 89. Saa tisa, asilimia 11 imeenda bure. Ni kama wati-saa 12 kila saa. Kwa boksi kubwa unavumilia. Kwa kaboksi kadogo ka wati-saa 256, mfano wa EcoFlow River 2, hesabu hiyo hiyo inakamaliza chini ya siku moja kakiwa kamekaa tu mezani.

Na wengi wenu mnaoniandikia mnataka kitu cha ruta tu, mfanye kazi za mtandaoni stima ikipotea. Sasa skiza. Geuza adapta ya ruta yako usome. Yangu imeandikwa volti 12, ampea 1. Haihitaji soketi ya 240 kabisa! Boksi lina hili tundu la duara kama la gari, linatoa volti 12. Tafuta waya wa kutoka hapo hadi kwenye ruta, pale Kibuye nilipata kwa mia tatu. Unazima soketi, ruta inakula moja kwa moja, na kaboksi kadogo kanadumu karibu mara mbili. Ila kama yako imeandikwa volti 9, usiichomeke hapo. Utanusa harufu, na si ya ngege.

Nalirudisha ukutani lijichaji. Angalia, linavuta wati 1,100. Hapo ndipo haya maboksi yananifurahisha, saa moja na kitu limejaa. Nimelichomeka kupitia kizuizi cha mawimbi ya umeme, kwa sababu hizi radi zetu hazijui ulinunua kitu bei gani. TV na ruta nimezichomeka nyuma ya boksi, kijana wa dada yangu anaangalia katuni. Salimia watu. Hataki.

Habari za chaneli kidogo: video sasa zinatoka Jumatano, si Ijumaa. Na huyo anayewatumia jumbe akiweka picha yangu, akisema mmeshinda boksi mtume ada ya usafirishaji, si mimi. Mimi mwenyewe sijashinda kitu.

Bei. Hili lilinitoka 112,000, na nilibembeleza. Ndiyo, najua, kuna fundi mtaani atakuwekea inveta na betri ya maji ya ampea 100 kwa pesa kidogo. Sikatai. Lakini betri hiyo ya volti 12 ni wati-saa 1,200 kwa maandishi. Ukitaka idumu usiishushe chini ya nusu, kwa hivyo mkononi una 600. Na haibebeki, na nyingine zinatoa gesi zikichaji. Hili lina betri ya lithiamu aina ya LFP, hizo zinahesabiwa mizunguko kama 3,000 ya kujaza na kumaliza kabla hazijashuka hadi asilimia 80 ya uwezo wa mwanzo. Ukiona la bei nafuu sana halijaandikwa LFP, uliza kwanza, zile lithiamu nyingine nyingi zinachoka baada ya mizunguko mia kadhaa. Jenereta? Jirani anayo. Tunajua akiiwasha, mtaa wote tunajua. Na kama unayo, isiingie ndani ya nyumba wala kwenye veranda iliyofungwa, moshi wake unaua watu wakiwa wamelala.

Wenye sola kwa paa, ngojeni. Msichukue paneli kubwa ya nyumba mkaichomeka kwenye kaboksi kadogo. Hako ka River 2 kanapokea mwisho volti 30, na paneli ya wati 400 inaweza kutoa 37, hata zaidi ya 40. Wati zikizidi si neno, boksi linachukua kiasi chake. Volti zikizidi umelichoma.

Pia mtu asinunue boksi akidhani ataogea maji ya moto. Ile shawa inayopasha papo hapo inaweza kuvuta wati 5,000, hili langu mwisho wake ni 1,800. Birika la umeme la 2,000 nililijaribu, likakataa likapiga kelele kama mtoto aliyenyang'anywa mandazi. Chai chemsha kwa gesi. Piga hesabu ya vitu ambavyo huwezi kukaa bila, basi. TV ya inchi 32 kama 45, ruta 10, balbu mbili 18, jumla 73. Kwenye kaboksi ka 256, ukitoa kinachopotea njiani, ni saa tatu hivi. Kwa ile giza ya nchi nzima ya Agosti 25, 2023 kasingekutosha. Kwa ya jioni moja ya mvua kanatosha kabisa, na labda ndiko unakohitaji, sasa hata mimi najiuliza kama...

Ndiyo mama? ... Taa ya jikoni? Ngoja. Wadau, mama anasema jikoni hakuna stima. Lakini TV... TV inawaka. Katuni haijakatika hata kidogo. Wewe, imekatika? Hajaona kitu! Angalieni kioo cha boksi, halichaji tena, linatoa wati 58. Hii ndiyo kazi ya kubadilisha lenyewe kutoka stima hadi betri, ni sehemu ndogo sana ya sekunde, nilikuwa nipange jaribio lake kwa Jumatano, sasa limejipanga. Hii naipenda! Nilisema nimekasirika? Nimekasirika na menyu. Boksi lenyewe sirudishi.

Hebu nichungulie dirishani, tuone kama ni mtaa mzima... Kwa jirani kunawaka. Kwa yule pale pia kunawaka.

Aah. Mita. Mama aliniambia tangu asubuhi tokeni zinaisha, nikasema nitanunua. Na hili boksi limekuwa likivuta 1,100 tangu nilipolirudisha ukutani, uniti ya mwisho ndiyo imeingia humo ndani. Mnamsikia? Anasema nimenunua boksi la laki na tokeni ya mia mbili imenishinda.

Naja, mama, naingia M-Pesa sasa hivi. Wadau, Jumatano.