Fulana na hudi pana za mashabiki wa metali: ipi ununue kwanza

Ukitaka kuvaa nguo pana kama tuvaavyo mashabiki wa muziki wa metali na panki, usianze na saizi. Anza na kitambaa. Fulana nyepesi ya XXL hukuganda mwilini upepo ukivuma. Nzito hushuka wima kutoka begani hadi pajani, na hapo ndipo upana unapopendeza.

Namba moja ni fulana ya bendi ya mtumba, bila ubishi. Fika Gikomba, soko la mitumba la Nairobi, asubuhi na mapema, belo zikifunguliwa, kabla wenye maduka hawajabeba kamera yote, yaani nguo za daraja la kwanza. Igeuze ndani nje. Pindo la mshono mmoja ni dalili ya fulana ya kabla ya katikati ya miaka ya 1990, ila siku hizi mshono huo unaigwa, kwa hiyo soma na lebo: Brockum na Giant zilibeba bendi nyingi za wakati ule. Kisha ivae. Mshono wa bega ushuke vidole vinne hivi chini ya mfupa; ukikaribia kiwiko, umevaa gunia. Kitundu tumboni kisikutishe, ni pambo. Ukosi uliolegea uache hapo hapo, hakuna fundi atakayeurudisha.

Ya pili ni hudi nzito. Nikiona Champion Reverse Weave siulizi mara mbili: kitambaa chake hukatwa kwa upana ili kisinywee kwa urefu, na ubavuni kuna vipande vya kitambaa cha kunyumbuka vinavyokupa nafasi ya kujinyoosha. Hudi nyingine zipime kwa kofia. Iliyo nzuri ina tabaka mbili na haikulalii usoni kama kitambaa cha jikoni.

Jinzi pana ni ya tatu. JNCO, kampuni iliyoanza Los Angeles mwaka 1985, ndiyo inayosakwa na kila mtu, na bei yake inajua hivyo. Mimi huchukua jinzi ya kazi ya wanaume, kiuno kikubwa kwa inchi mbili, fundi akapunguza kiuno tu na kuacha miguu.

Mwisho kabisa, fulana mpya za dukani. Nilinunua moja mjini yenye fuvu kifuani. Mfuo wa tatu fuvu likabanduka vipande vipande, nikaumia sana. Ukilazimika, tafuta pamba tupu ya gramu 220 au zaidi kwa mita mraba.

Nyeusi yoyote ifue kwa maji baridi, ndani nje, uianike kivulini. Jua la saa saba huipausha kabla msimu haujaisha.