Mama mkwe, Hiace za Nansio na boti inayoondoka saa kumi

Nianze kwa kusema mimi ni nani, ili mjue anayeongea ametokea wapi. Nimekula vumbi la ukonda miaka tisa hapa Mwanza, Igoma na mjini, mpaka magoti yalipogoma nikahamia kwenye kibanda cha spea Buzuruga. Kwa hiyo mimi nikipanda gari sipandi kama ninyi. Nahesabu vichwa, nasikiliza gia inavyoingia, namwangalia konda anavyopanga noti vidoleni. Mke wangu anasema kusafiri na mimi ni sawa na kula hotelini ukiwa umekaa na mpishi.

Basi wamama wa kikoba chake walipovunja mwaka huu wakaamua hela kidogo iende kwenye starehe. Wakakodi boti Jumamosi moja, familia ziingie, twende Ukerewe na kurudi siku hiyohiyo. Tuliondoka asubuhi, jiwe la Bismarck likabaki nyuma yetu, na kama saa tatu baadaye tukawa tunafunga kamba Nansio, bandari ya Ukerewe. Ilikuwa saa nne na nusu. Nahodha akashika kipaza sauti: saa kumi kamili naondoka, asiyekuwepo atapanda ya kwake. Makoti ya kuokolea yalikuwepo na tulivaa. Kuhusu boti sina zaidi, nilikuja kuandika habari za nchi kavu.

Waandaaji walikuwa wamepanga kosta isubiri bandarini, 15,000 kwa kichwa: kupanda kilima cha Handebezyo kuona mawe, kupita kwenye jumba la machifu Bukindo, kula samaki, kurudi. Mke wangu ndiye mweka hazina, alitakiwa awe na kundi. Asubuhi alinipa 30,000, yangu na ya mama yake, nikailipe mwenyewe pale kwenye kosta. Hiyo 30,000 muikumbuke.

Mama mkwe aliitazama ile kosta, akajifunga kanga vizuri, akasema, "Baba Neema, mimi sikuja kutazama mawe. Hayo mawe nimeyachezea." Yeye ni Mkerewe, alitoka kisiwani akiwa binti. Mdogo wake yuko Murutunguru, upande wa chuo cha ualimu, na hawajaonana muda. Mkwe unamjibu nini mama mkwe? Nilisema, "Sawa mama," nikaanza kutafuta usafiri wa wananchi.

Geti la bandari lina bodaboda kama nzi kwenye sato. Wa kwanza kunifikia alitaka 3,000 mpaka stendi. Nilimuuliza kama hiyo stendi iko Bunda. Tulitembea, na kwa mwendo wa mama mkwe, wa kusalimia kila mtu mwenye mvi, zilikwenda dakika kumi. Ukiwa na miguu na huna mzigo, bodaboda ya hapo huihitaji. Nansio ni mji wa kutembea, soko liko hapohapo, dagaa wametandazwa, machungwa yamepangwa mafungu.

Stendi sasa. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo niliposhikwa kwa mchezo niliowahi kuwachezea wengine.

Hiace ya kwanza ilikuwa inanguruma, pua imeelekea barabarani, mpiga debe anapiga bodi, "Murutunguru, Bugolora, bado wawili, bado wawili!" Nikachungulia ndani. Kweli watu wamejaa. Lakini wale watu! Vijana wanne siti ya nyuma, wamevaa malapa, hawana hata mfuko wa rambo, mmoja anatafuna muwa na maganda anayatemea dirishani kwa raha kama mtu aliye kwake. Nani anasafiri mpaka Bugolora na muwa nusu? Hao ni chambo. Mimi mwenyewe enzi zangu nilikuwa nawanunulia vijana soda wakae mpaka gari lionekane linaondoka. Nilijua. Naapa nilijua. Ila nilipogeuka kumwambia mama twende gari la pili, alikuwa ameshapanda, ameshakaa, ameshaanza kuongea Kikerewe na mama mwenye mtoto. Ukitaka kumshusha mama mkwe kwenye gari mbele ya watu, mshushe wewe.

Tulikaa dakika hamsini. Akiingia abiria wa kweli, kijana mmoja wa malapa anashuka kimyakimya kupitia mlango wa nyuma. Wa muwa alishuka wa mwisho. Alipopita dirishani kwangu tukatazamana, nikamwonyesha dole gumba. Kazi ameifanya vizuri.

Kwa hiyo ushauri wa kwanza kwa anayeshuka kwenye meli akiwa na saa chache: pale gari haliondoki kwa saa, linaondoka kwa vichwa. Usisikilize injini, injini inanguruma bure. Tazama miguu ya walio ndani. Wenye viatu na mizigo ndio abiria.

Sasa, suala la siti. Hiace ya huko inakaa wanne kwa mstari, na wanne wenyewe wakiwa wamekomaa ni bega juu ya bega, paja kwa paja. Mimi ni Msukuma. Kubanana hivyo na mama mkwe haiwezekani, hata nauli ingekuwa bure. Nilimvuta konda pembeni, kijana mdogo, kofia kageuza nyuma, nikamwambia taratibu, "Dogo, yule ni mama mkwe wangu." Hakuuliza neno. Alienda mbele, akamwambia mzee aliyekaa na suka, yaani dereva, "Mzee wangu, shikamoo, nisaidie, kuna mtu na mkwewe hapa." Mzee akashuka, akaja kubanana na mimi nyuma, na njia nzima hakulalamika. Mjini siti ya mbele ina wenyewe, wengine wanaipigia simu. Huyu kijana hakuongeza hata mia. Kama natoa nyota, zote nampa yeye kwa dakika hiyo moja, halafu nitampokonya baadhi mbele ya safari, maana ndiye aliyeturudisha.

Nauli tulilipa 2,000 kila mmoja, mama mkwe sawa na mimi, na mwenyeji aliyekaa kando yangu sawa na sisi. Hilo lilinifurahisha. Nilikuwa nimejiandaa kwa bei ya mgeni.

Njiani sikuona sana, kwa sababu kichwa changu kilikuwa chini ya kwapa la mtu. Niliona mihogo, michungwa, mawe makubwa yamepandana kama ya kwetu Mwanza, na vumbi. Bukindo tulisimama kushusha mtu na baiskeli iliyofungwa juu, na hapo mama mkwe aligeuka akanionyesha upande wa jumba la machifu, akasema wakiwa watoto walikuwa hawalisogelei ovyo. Wenzetu walilipia kulitazama, nikajisikia nimepata ziara ya bure. Saa sita na robo tukashuka Murutunguru.

Ya nyumbani kwa mdogo wake siandiki, si yangu. Tulikula ugali wa muhogo na samaki wa mchuzi, wao wakaongea lugha yao, mimi nikatazama saa.

Kwenda ni rahisi. Ubaya wa usafiri huu uko kwenye kurudi, na sikuona mtu anayemwambia mgeni. Kutoka Nansio gari linajaza mwanzo wa njia, una uhakika wa siti. Kurudi, wewe uko katikati ya njia. Gari zinatokea Bugolora, ambako ndiko kivuko cha kwenda na kutoka kisiwa cha Ukara kinakofunga. Mama mmoja muuza vocha pale barabarani alinieleza: abiria wa Ukara wakishuka wengi, gari zinajaa hukohuko, hapa zinapita tu zinapiga honi. Tulifika barabarani saa nane. Ya kwanza ikapita imejaa. Ya pili ikapita imejaa, konda ananing'inia mlangoni, akatupungia mkono kama harusi.

Tulikuwa watano kwenye benchi la yule mama. Mzee mmoja alikuwa anakwenda Nansio kufuata dawa, na habari za kivuko zilipoanza akataja MV Nyerere, jinsi walivyosikia siku ile ya tarehe 20 Septemba 2018 kwamba kimepinduka kikiwa kimekaribia gati la Bwisya, Ukara. Walikufa zaidi ya watu 220. Kilikuwa kimejaza kupita kiasi. Alisema hivyo, akanyamaza, na wote tukatazama barabara. Hiace ya tatu ilipotokea saa tisa, ikasimama, nilihesabu kabla ya kupanda kama ninavyohesabu siku zote: kumi na tisa, na sisi watano tunaingia, gari la watu kumi na nne. Mimi niliwahi kufika ishirini na sita siku ya mnada, nikajisifu. Nilipanda. Saa kumi haikuwa mbali.

Konda alikuwa yuleyule wa kofia. Mbele kulikuwa na mama mjamzito, hivyo mama mkwe alikaa siti ya nyuma ya suka, mimi nikabaki nimeinama mlangoni, mgongo juu, mkono mmoja umeshika paa. Nafasi yangu ya zamani kabisa. Mkwe amekaa kule, mimi niko huku, heshima ipo.

Bukindo tena. Saa tisa na dakika ishirini. Kuna jamaa na viroba vitatu vya machungwa anataka vipakiwe juu. Konda anasema elfu tatu, jamaa anasema elfu na mia tano. Konda anashuka. Wanakwenda kuvitazama viroba. Wanavigeuza. Konda anashusha mpaka elfu mbili na mia tano, jamaa anaitisha chungwa amwonjeshe konda, konda anaonja. Dakika tano. Dakika nane. Suka ameegemea usukani, anachat. Mama mkwe hakusema kitu, ila aligeuza shingo akanitazama mara moja. Mnaomjua mama mkwe mtaelewa.

Mkono wangu ulifanya wenyewe. Sikuutuma. Uligonga paa la gari mara mbili, pa-pa, ile ya "twende".

Suka akaweka gia, gari likaondoka.

Tulikwenda kama mita mia ndipo watu wa siti ya nyuma walipoanza kucheka, kwa sababu konda alikuwa anatukimbilia na chungwa mkononi anapiga mluzi. Suka akasimama. Kijana akafika anahema, viroba ameviacha, akatutazama mmoja mmoja mpaka akafika kwangu, kwenye mkono uliokuwa bado juu ya paa. Akauliza, "Mzee, ulikuwa njia gani?"

"Igoma."

Akatikisa kichwa. Tangu hapo hatukusimama kwa ajili ya mzigo wa mtu yeyote, na ilipofika zamu ya kukusanya nauli aliniruka. Nililipa kwa nguvu. Konda hali ya konda mwenzake.

Stendi ya Nansio tuliingia saa kumi kasoro dakika kumi. Sasa ndiyo bodaboda ikawa na maana. Hapo mshikaki, abiria wawili boda moja, nao haukuwezekana, kwa sababu zilezile nilizosema, nikachukua mbili, 1,000 kila moja, mama mkwe amekaa upande na kanga, ameshika mfuko wa machungwa aliopewa na mdogo wake. Yule wa asubuhi wa 3,000 ndiye aliyembeba. Hakunikumbuka, au alijifanya.

Tulipanda honi ya kwanza ikiwa inalia.

Kwa mtu anayetaka kufanya kama sisi: toka mapema kuliko nilivyotoka, na uwe barabarani kurudi saa saba na nusu, si saa nane. Usiende mbali zaidi ya Murutunguru ukiwa na boti ya kuwahi. Bugolora usiifikirie, na Ukara ni ya kulala. Na kabla ya yote jua mlango wa nyuma wa kisiwa, maana upo: kutoka Nansio unakwenda Rugezi, unavuka kwa kivuko mpaka Kisorya, kisha Bunda, kisha lami mpaka Mwanza. Ni mzunguko mrefu, usiku utakukuta njiani, lakini hulali bandarini. Mimi habari hiyo ilikuwa kichwani muda wote nikiwa kwenye benchi la mama wa vocha, ndiyo maana sikulia.

Watu wa kosta walikuwa wamerudi tangu saa nane. Wameona mawe, wamekula, wamepiga picha, wamelala kwenye viti vya boti wakisubiri. Hawakuwa na kosa. Mama mkwe alikaa katikati yao, akaanza kumenya chungwa na kusimulia ya Bukindo, yale ya mkono wangu, na alisimulia vizuri kuliko nilivyoandika hapa.

Mke wangu alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akachukua daftari lake la kikoba, akapiga hesabu kwa kalamu: Hiace nauli nne, 8,000. Bodaboda mbili, 2,000. Akaandika 10,000, akapiga mstari chini yake. Akanyoosha kiganja.

"Baba Neema, chenji yangu elfu ishirini."

Nikamwambia chenji atapata mbele.