Miezi 19 na rangi ya kuhimili joto kwenye ekzosi ya ubavuni ya Datsun 160J

Nimesubiri makusudi kabla ya kuandika haya. Rangi yoyote hupendeza wiki ya kwanza. Hapa Mombasa ingoje ipigwe na upepo mkavu wa Kaskazi, kisha na ule wa mvua wa Kusi, ndipo uisifu au uilaumu. Yangu niliipuliza Februari ya mwaka jana na sasa imepitiwa na Kusi mbili.

Gari lenyewe ni Datsun 160J ya marehemu baba. Alilinunua miaka ile Shekhar Mehta aliposhinda Safari Rally mara nne mfululizo, 1979 hadi 1982, kwa gari la aina hii hii, ambalo kwingine huitwa Violet. Bomba la moshi baba alilitoa ubavuni. Linashuka kutoka kwenye manifoldi, pale moshi unapotoka kwenye injini, linapita chini ya milango ya kushoto, upande wa abiria, na kutokea mbele kidogo ya gurudumu la nyuma. Kila mkunjo alimsimamia fundi hadi ukakaa alivyotaka. Kwa hiyo mtu akiniambia "toa hilo, weka jipya," hajui ananiambia nini.

Tatizo ni kwamba bomba la ubavuni liko uchi. La kawaida hujificha chini ya gari, lakini hili hurushiwa mchanga na maji na gurudumu la mbele, kisha hukaa palepale penye upepo wa bahari. Mimi hupanda feri ya Likoni mara mbili tatu kwa wiki, na siku za Kusi kali ukitia kidole kwenye mlango wa gari kisha ukionje, ni chumvi tupu.

Kabla ya rangi hii nilijaribu mambo mawili. La kwanza, gereji moja ilinipakia rangi ya fedha, ile ya kawaida ya bodi. Ilipendeza siku nne. Ya tano ilianza kugeuka hudhurungi karibu na manifoldi, na wiki haikuisha ikawa inabanduka kama ganda la kitunguu. Rangi ya bodi haikutengenezwa kwa chuma kinachochemka namna hiyo, na fundi alipaswa kuniambia. La pili ni oili chafu, ile ambayo wazee wengi wanaiamini. Unapaka na tambara, gari likipata moto linafuka moshi na kunuka hadi majirani wafunge madirisha, na kinachobaki kinakamata vumbi na mchanga. Chini ya ule uji mweusi nilikuta kutu imeshamiri kuliko nilivyoiacha.

Kopo ninalolisemea hapa ni rangi ya kupuliza ya kuhimili joto, nyeusi isiyong'aa, iliyoandikwa nyuzi 650 za Selsiasi. Chapa ziko kadhaa madukani na zile za namba hiyo zinakaribiana. Cha kuangalia ni hiyo namba, pamoja na maneno kwamba inafaa ekzosi, kwa sababu pia kuna rangi za "joto" za injini ambazo zinaishia nyuzi 150 hadi 300, na muuzaji asiyejua atakupa hizo kwa moyo mweupe. Nilinunua makopo mawili kwa shilingi 1,400 kila moja. Moja na nusu yakatosha.

Sasa hapa ndipo penye kazi. Nililifungua bomba lote, nikalikwangua kwa brashi ya waya iliyofungwa kwenye grainda, nikafuatisha msasa namba 80 kisha 120, hadi chuma kikatoa weupe. Nikaona nimemaliza. Nikalipeleka Bondeni kwa fundi mmoja mtu mzima anichomelee ufa kwenye flanji, ile sahani ya kuungia bomba. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, akalishika bomba, akaligeuza juani, akanionyesha vitobo vidogo vyeusi kama vya sindano.

"Hii utaipaka leo na mwezi ujao itafura," akaniambia. "Mwanangu, chumvi haikwanguliwi. Chumvi huoshwa."

Nikamwambia ninayo mashine ya kuoshea nyumbani. Akauliza maji yake yatoka wapi. Ya kisima, nikasema. Akacheka kidogo, kwa huruma, na kunyamaza.

Hilo ndilo neno lililonifaa kuliko kopo lenyewe. Sisi tunaokaa kisiwani tunajua maji ya visima vyetu, sabuni haitoi povu na chai yake hainyweki. Karibu kila mahali pa kuoshea magari hapa mjini hutumia hayo hayo, kwa sababu ya mfereji ni ya shida na ya bei. Kumbe miaka yote nikidhani naliosha gari, nilikuwa nalipaka chumvi. Ikiingia katika vile vitobo na kuvuta unyevu wa hewa, kutu inaendelea chini ya rangi bila wewe kuiona, kisha rangi inafura.

Nikanunua mitungi miwili ya maji matamu kwa wa mkokoteni, nikachemsha moja, nikalisugua bomba kwa brashi na sabuni kidogo, nikasuuza, nikalikausha juani, nikasuuza tena kesho yake. Kisha msasa mwepesi, kupangusa na thina, na tangu hapo sikulishika tena kwa mkono mtupu. Dawa ya kugeuza kutu iwe nyeusi sikuitumia. Ni nzuri kwa chasi, lakini rangi hii inataka kushika chuma chenyewe, na ile dawa inakaa katikati yao.

Nilipuliza mikono mitatu myembamba, saa nne asubuhi, siku kavu ya Kaskazi. Hapo nikakosea jambo moja ambalo nataka usilirudie. Nilililaza bomba usiku kucha nikidhani limekauka. Rangi hii kwa hewa hukauka juu juu tu, huiva kwa moto. Asubuhi niliposhika kwa kidole gumba ilitoka kama masizi, nikalazimika kurudia sehemu ya katikati. Mara ya pili nililifunga kwenye gari siku ile ile: nikaungurumisha injini dakika 10, nikazima dakika 20, nikawasha dakika 20, nikazima tena, halafu nikaendesha nusu saa kwenda na kurudi njia ya Mtwapa. Itatoa moshi na harufu kali, fungua vioo. Baada ya hapo nilikwaruza kwa ukucha, haikutoka.

Hali yake leo. Kutoka chini ya mlango wa mbele hadi karibu na mwisho, karibu mita moja na nusu, rangi iko imara, imepauka tu kidogo. Hapo naipa alama zote. Karibu na manifoldi, penye moto mkali kuliko kote, imekuwa ya kijivu, na kwenye weldi mbili kutu imerudi. Nimepagusa mara moja kwa msasa na kopo lililobaki. Mtu asikwambie kwamba rangi ya kopo itadumu pale kama chini ya mlango.

Mdomo wa bomba ndio ulionihuzunisha, kwa sababu umeliwa kutoka ndani. Kila lita ya petroli ikiungua hutoa karibu lita nzima ya maji kama mvuke. Safari ikiwa fupi, kama yangu ya Tudor hadi Kibokoni, bomba halipati moto wa kuyafukuza, basi yanatuama humo na kukaa. Hilo haliponi kwa rangi. Nilitoboa tundu la milimita 3 sehemu ya chini kabisa ya sailensa, ambapo maji hujikusanya, na kila Jumapili nalipeleka gari hadi Kilifi na kurudi. Asubuhi likiwashwa utaona matone yakidondoka kwenye lile tundu, na mie kila nikiyaona najua hayo yangelala ndani.

Fundi mwingine alitaka kunikatia kipande kipya cha mdomo kwa bomba la maji la mabati. Nilikataa. Zinki iliyopakwa juu yake huyeyuka kwenye nyuzi 419, na moshi wake wakati wa kuchomelea ni sumu kwa anayeuvuta. Mabomba ya stenlesi, chuma kisichoshika kutu kirahisi, nayo yapo, na kama huna kumbukumbu ya kulinda, stenlesi ya daraja la 304 ni fedha iliyotumika vyema. Nenda na sumaku: 304 huikataa au huivuta kwa shida, ile ya 409 huinasa. Ila hewa ya huku huitia hata 304 madoa ya rangi ya chai, kwa hiyo maji matamu bado utayahitaji.

Jingine la bomba la ubavuni: mtu akishuka nguo hugusa. Mama alichoma ncha ya buibui lake mara ya kwanza tulipompeleka sokoni. Nilifunga ngao ya bati lenye matundu kwa boliti, na nikaacha nafasi ya kidole kati yake na bomba ili maji yasikwame.

Sasa kila nikishuka feri nalimwagia nusu mtungi wa maji matamu, likiwa limepoa. Turubai la nailoni nimeliacha, linafunika unyevu. Nitalifungua tena Februari ijayo, Kaskazi ikiwa kavu, nikwangue upande wa manifoldi peke yake na kuukata ule mdomo kwa urefu wa kiganja. Mikunjo ya baba haitaguswa.