Kanzidata ya bure kwa duka dogo: uliza kwanza stima ikipotea itakuwaje

Ramadhani iliyopita, siku zile Biashara Street haipitiki kwa watu, stima ilipotea dukani kwetu saa kumi jioni. Iliporudi, madeni ya leso niliyoandika tangu asubuhi hayakuwemo. Doti 31, na wateja wenyewe siwakumbuki wote. Programu ya kanzidata niliyoandikia, yaani ya kutunza rekodi kwenye majedwali, niliinunua shilingi 3,500 kwenye duka moja la kompyuta, na mwongozo wake ulikuwa karatasi mbili zenye picha za vitufe. Nikampigia muuzaji, akasema, "Dada, si ungesevu?" Kwenye karatasi zile neno hilo halimo.

Tangu siku hiyo sitazami rangi wala wingi wa vitufe. Nafungua maelezo ya programu natafuta jibu moja: ninachoandika kinafika kwenye diski saa ngapi? Mengi yanakufundisha kutengeneza jedwali, kisha kimya.

Chaguo langu la kwanza ni programu ya kanzidata iitwayo SQLite, na mapenzi yangu kwake siyafichi. Ipo tangu 2000, ni mali ya umma, na data yako yote inakaa kwenye faili moja. Maelezo yake unayapakua yote kwa zip moja ukayasoma bila bando. Humo mna ukurasa unaokueleza hatua kwa hatua: kwa kawaida, kabla faili lako halijaguswa, yale yatakayobadilishwa hunakiliwa kwanza kwenye faili la pembeni. Stima ikikatika katikati, ukifungua tena yanarudishwa yalivyokuwa. Kwa hiyo ukiliona faili hilo la pembeni, usilifute ukidhani ni takataka. Upo pia ukurasa mzima wa njia za kuharibu faili la SQLite, hadi flashi bandia zinazodai ukubwa zisiokuwa nao. Nani mwingine anakuambia hivyo waziwazi? Wanakiri hata kwamba safu uliyoiita ya namba itapokea maneno "mia tano" bila kulalamika, na kwamba tangu 2021 ukiandika STRICT mwishoni mwa jedwali itayakataa.

SQLite yenyewe haina madirisha ya kubofya, kwa hiyo weka na DB Browser for SQLite, nayo ni bure. Hapo uwe macho: ulichoandika hakijakaa mpaka ubofye Write Changes, au Ctrl+S. Mimi nabofya kabla mteja hajakunja leso yake.

Anayetaka fomu na ripoti za kuchapisha, na hataki kuhangaika na SQL, lugha ya kuiamuru kanzidata, achukue LibreOffice Base. Ina kitabu kizima cha PDF, bure. Ila ukitumia HSQLDB, injini ya kanzidata iliyomo ndani yake, utahitaji programu nyingine iitwayo Java, na kusevu rekodi peke yake hakutoshi. Sevu na faili lenyewe la .odb, ndimo data yako inamokaa. Jambo hili lingepaswa kuwa ukurasa wa kwanza, kwa herufi nene.

PostgreSQL ina maelezo mazuri mno, zaidi ya kurasa 2,000, lakini ni seva, yaani kanzidata ya kuhudumia kompyuta nyingi kwa mtandao. Kwa duka lenye kompyuta moja ni kukodi meli ya mizigo uvuke Likoni. Zile nakala za wizi za Access, kanzidata ya Microsoft, zinazouzwa kwenye flashi, pita.

Kinachoniuma zaidi ni bei. Juzi jirani yangu alilipishwa shilingi 2,000 kuwekewa LibreOffice. Fundi kulipwa kazi yake ni haki, sina ugomvi. Lakini kwenye risiti waliandika "leseni ya mwaka mmoja". Leseni gani, ya kitu ambacho mtu yeyote anakipakua bure na hakiishi muda? Mama wa watu sasa anaweka pesa kando za kulipia mwaka ujao. Nimemwambia arudi na risiti yake mkononi, nami nitafuatana naye.