Shambani kwako: kisima cha gesi au mnara wa upepo?

Kampuni ikitaka kutumia shamba lako kuchimba gesi au kusimamisha mnara wa kuzalisha umeme kwa upepo, uchague lipi? Kwa pesa za haraka, gesi inashinda. Mrabaha wa mwanzo, yaani fungu lako la mauzo ya gesi, huwa mnono, ila kisima cha mwamba wa sheli (mwamba wa matabaka ulioshika gesi) hupungua nguvu sana ndani ya miaka 2 au 3. Mnara wa upepo hulipa kidogo kidogo, kwa miaka 20 hadi 25.

Maji ndiyo yanayonitia hofu. Kupasua mwamba kwa maji ya shinikizo ili gesi itoke humeza mamilioni ya lita kwa kisima kimoja, na saruji inayozunguka bomba la kisima hicho ikiwa mbovu, methani, yaani gesi yenyewe, inaweza kupenya hadi kwenye maji ya kunywa. Pima maji yako kabla hawajachimba! Upepo hauna hatari hiyo, ingawa una kelele.

Malori huharibu barabara kote kuwili.

Mwenye deni la leo ataelekea gesi; mfugaji anayetegemea kisima cha maji, na eneo lake lina upepo wa kutosha, asubiri mnara. Mkataba useme nani ataziba kisima au kung'oa mnara.